Aliulizwa Nani Kabla ya Kisima Kuchimbwa?



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Garissa hupita Malindi, Garsen na Hola, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ya zaidi ya kilomita 400 huwa ameandamana na mto Tana, hata kama hauoni. Sisi wa pwani tumezoea kuutazama mto huu kwa upande wa chini, unapokaribia Kipini na kuingia baharini. Juma hili twataka kuutazama kwa upande wa Garissa, na kutoka hapo tuyaangalie mambo ya umma ya Kaskazini Mashariki kwa jicho la kazi yetu, yaani uhandisi. Wasomaji wetu wanajua kuwa safu hii haina chama. Lakini mhandisi wa maji anayejidai hana habari na siasa katika nchi ile ni sawa na nahodha asiyetaka kusikia habari za upepo.

Tuanze na ramani. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, uliokuwa mwongozo wa mipango ya uchumi. Humo ilielezwa kuwa fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika sehemu zitakazorudisha faida kubwa zaidi, yaani zile zenye mvua, udongo mzuri, reli na barabara. Kwa mtu wa kuhesabu, hoja hiyo yaonekana timamu. Kasoro yake ni kwamba ngamia, ng'ombe na mbuzi wa Kaskazini Mashariki hawakuingia vyema katika hesabu, ilhali hao ndio benki, sokoni na jikoni kwa wenyeji. Juu ya hayo, eneo lenyewe lilikuwa vitani. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta kuwa Wasomali wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikuifuata rai hiyo, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Kwa muda wote huo mhandisi alifika nyuma ya mwanajeshi, na mara nyingi hakufika kabisa. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, nusu karne baada ya uhuru. Si ajabu basi kwamba mzee wa kule akipanda basi la Nairobi husema anakwenda Kenya. Wageni hucheka. Sisi hatucheki sana, kwa kuwa nasi tuna neno letu la "bara", na twalitamka kwa mkunjo uleule wa uso.

Kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje ya mji wa Wajir, ni kazi ya umma kama kazi nyingine yoyote. Ni ardhi iliyosawazishwa na urefu uliopimwa. Februari 1984 vikosi vya serikali viliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja 57, wenyeji wanataja maelfu. Kabla ya hapo, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa uliteketezwa kwa moto. Hatuyataji haya kwa kuchokonoa vidonda. Twayataja kwa sababu ya kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake ya uhandisi, akafika kijijini kwa gari la serikali, akawaita watu chini ya mgunga awaeleze mradi wa maji. Hushangaa kwa nini akina mama wamesimama mbali, na kwa nini wazee wanaitikia kila analosema bila swali hata moja. Kisha hurudi ofisini akaandika kwamba wananchi wameridhia. Kumbe ameitikiwa na watu ambao baba zao waliwahi kuitwa mkutanoni.

Basi tunapozungumzia ushirikishwaji wa umma, ambao katiba ya 2010 inaulazimisha, tusidhani kuwa mkutano mmoja na chupa za soda vinatosha. Ukimya nao una maana yake, na mpimaji aliyefunzwa kusoma vyombo peke yake hawezi kuusoma.

Yapo mengi ambayo hakufunzwa. Lililo wazi zaidi ni kwamba mhandisi wa kwanza wa nchi ile ni mwanamke. Msomaji asidhani twasema hivyo kwa kubembeleza. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, aqal, hujengwa na wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Vijiti virefu hukunjwa vikiwa vibichi hadi vikashika umbo la upinde, hupandwa ardhini kwa duara na kufungwa pamoja juu, kisha mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za miti hutandazwa juu yake. Kwa kawaida nyumba hiyo ni mali ya bibi harusi, naye hutengenezewa na mama yake pamoja na shangazi na jamaa wa kike. Ikifika siku ya kuhama, huivunja mwenyewe kwa muda wa asubuhi moja, na vijiti vilevile vilivyokuwa paa vikawa kiunzi cha mzigo juu ya ngamia, na mtoto mdogo akakaa ndani yake.

Itazame kazi hiyo kwa jicho la fundi. Upinde huusambaza uzito wa paa hadi ardhini bila kuhitaji nguzo nene. Umbo la mviringo halimpi upepo wa jangwani ukuta wa kuusukuma. Mkeka huruhusu hewa ipite, nayo maji ya mvua huteleza yakaenda zake. Hakuna msumari wala saruji. Wanafunzi wa uhandisi hujifunza mambo haya katika mwaka wa pili, kwa hesabu ndefu, ilhali binti wa Ijara huyajua akiwa na umri wa miaka 12. Mama huyohuyo husuka haan, chombo cha maziwa cha nyuzi za mizizi, kilichokazwa hata hakivuji tone, kisha akakifukiza kwa moshi wa kuni teule ili maziwa yasiharibike upesi. Akina mama wa Lamu na Mombasa wanaofukiza nguo na nyumba zao kwa udi hawatahitaji kuelezwa thamani ya moshi uliochaguliwa vizuri.

Siku hizi mikeka imepungua, na katika mabulla ya Garissa, maana bulla kwao ni mtaa, utaona vijiti vilevile vimefunikwa kwa turubai, magunia na vitambaa. Wengine wamehamia nyumba za mabati. Bati ni hadhi, hatukatai, lakini saa saba mchana katika joto la Garissa, aliyeko chini ya bati ndiye anayetoka kwenda kukaa kivulini kwa jirani mwenye aqal.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba mwanamke huyo, kabla ya kuchimbia kijiti cha kwanza, huwa ameitazama ardhi. Anajua maji ya mvua yatapita wapi. Anajua upepo watoka wapi, na kisima ki umbali gani kwa miguu, akiwa na mtungi mgongoni na mtoto mkononi. Huo ndio upimaji wa eneo ambao sisi huwalipa watu fedha nyingi wautufanyie. Kisha mradi ukija, huyu ndiye wa mwisho kuulizwa.

Hapa ndipo kwenye kiini cha neno letu, nalo ni visima.

Mji wa Wajir ulisimama juu ya visima. Maji yake hayako mbali. Chini ya mawe ya chokaa, mita chache tu, unayakuta, na kwa karne nyingi wafugaji wamepeleka mifugo yao hapo. Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Maji yakiwa karibu hivyo, shimo la choo hukutana nayo. Kwa miongo mingi mji mzima ulitumia vyoo vya ndoo, na ndoo hizo zilikusanywa na watu waliolipwa ujira mdogo na kudharauliwa na wale waliowahitaji kila siku. Mvua kubwa iliponyesha, uchafu uliingia visimani, na watoto wakaharisha. Aliyeamka usiku kumshika mtoto, kuchemsha maji na kufua nguo hakuwa mhandisi wala diwani. Jambo hili lilijulikana tangu wakati wa ukoloni. Haikuwa siri ya kitaalamu. Lilichelewa kwa sababu choo hakina sherehe ya kukata utepe.

Kisima kirefu kinayo sherehe hiyo. Mashine kubwa hufika, vumbi hutimka, maji huruka angani, na mheshimiwa hupigwa picha. Ndiyo maana katika kila msimu wa kura visima virefu huzaliana katika Kaskazini Mashariki. Tueleze kinachofuata, maana wasomaji wa mjini huenda wasijue.

Bwawa la mvua lina tabia ya kukauka. Likikauka, mifugo huhama, na nyasi za pale hupumzika hadi mvua nyingine. Kisima kirefu chenye jenereta hakikauki upesi. Mifugo hubaki. Baada ya miaka michache ardhi inayokizunguka, kwa mwendo wa saa nyingi, huwa vumbi tupu. Familia ambazo zingehama huweka makao, kisha huja duka, madrasa, shule, chifu na kituo cha kupigia kura. Kufikia hapo kisima si cha maji tena. Kimekuwa hati ya kudai kwamba ardhi hii ni ya ukoo fulani, na wapiga kura wa hapa ni wa mgombea fulani. Ukoo jirani ambao babu zao walilisha hapo kila kiangazi huliona tangi la maji kama bendera iliyopandwa. Na siku bunduki ikilia, kisima kilichochimbwa ili kuokoa watu ndicho hugombaniwa.

Kuhusu jenereta hatutasema mengi. Huharibika. Kamati hukutana, fedha za mafuta hazionekani, kipuri husubiriwa kutoka Nairobi, na mama hununua maji ya lori kwa bei ya anayeuza. Pampu za umeme wa jua zimeanza kupunguza balaa hilo, na Garissa yenyewe ina mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kuwa jua la kule halijulikani. Jua halikuwahi kuwa tatizo. Tatizo ni nani anashika daftari la kamati.

Kisa cha Habaswein ni funzo kwa kila aliye katika kazi hii. Chini ya ardhi kutoka upande wa Habaswein hadi Dadaab na kuvuka mpaka wa Somalia kuna hifadhi kubwa ya maji iitwayo Merti. Maji matamu yamekaa katikati, na pembeni yake kuna maji ya chumvi. Wenyeji na mifugo yao huyanywa, na kambi za wakimbizi za Dadaab zimeyanywa tangu 1991. Ukaja mpango wa kuyavuta kwa mabomba, zaidi ya kilomita 100, hadi mji wa Wajir, ambao bila shaka ulikuwa na kiu na maji machafu kama tulivyoeleza. Watu wa Habaswein walipinga. Walihofu kwamba maji matamu yakivutwa kwa nguvu, ya chumvi yatasogea kuchukua nafasi yake. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Elimu ya maji ya ardhini inakubali kuwa jambo hilo hutokea, nasi wa pwani tumeliona kwa macho yetu katika visima vya Lamu na Mombasa vilivyotumiwa kupita kiasi. Mradi ukaingia katika mivutano na kukwama.

Twajiuliza: katika vikao vyote vya mradi ule, ni mama wangapi wa Habaswein walioulizwa ladha ya maji yao? Mwanamke anayefua kila siku ndiye wa kwanza kujua chumvi imeongezeka. Sabuni haitoi povu. Chai hubadilika. Maharage hayaivi upesi. Hizo ni dalili za kweli, na zingeandikwa kila mwezi kwa miaka 10 katika daftari la shule zingekuwa kumbukumbu ambayo mtaalamu yeyote angeitamani. Hakuna aliyeziandika kwa kuwa zilitoka jikoni.

Na twakumbuka, bila kutaka kuwa mashekhe, kisa cha Sayyidna Uthman bin Affan na kisima cha Ruma kule Madina. Alikinunua kwa mali yake, akakifanya waqfu kwa Waislamu wote, tajiri na maskini, mkaazi na mpita njia. Linganisha na tangi lililopakwa jina la mbunge kwa herufi kubwa kuliko alama ya onyo la umeme.

Tuingie katika siasa yenyewe. Kaskazini Mashariki ina desturi ambayo magazeti huiita demokrasia ya maridhiano. Wazee wa koo hukutana kabla ya uchaguzi na kugawana vyeo: ukoo huu uchukue ugavana, ule useneta, na mwingine ubunge. Hatuidharau. Imezuia damu mara nyingi, na mtu aliyekaa Nairobi asiyewahi kusikia risasi usiku asiwafundishe wazee wale uungwana. Lakini kama muundo, ina udhaifu mkubwa. Mzigo wote umewekwa juu ya nguzo chache, na nguzo zote ni za aina moja. Mwaka 2017 baraza la wazee wa Garre kule Mandera lilitaka viongozi waliokuwamo wasigombee tena. Gavana Ali Roba alikataa, akagombea na kushinda. Wapo waliofurahi na wapo waliohuzunika. Sisi twaona kwamba wapiga kura walitaka kuulizwa wenyewe.

Wanawake katika vikao vile huwa jikoni wakipika chakula cha wazee. Hilo si agizo la dini, na wasomaji wetu wanajua kuwa historia yetu ina wanawake walioulizwa shauri katika mambo mazito na shauri lao likafuatwa. Mwaka 2017 Bi. Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, jirani zetu hawa wanaopakana na Lamu, akawa mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge. Hiyo ilikuwa miaka 54 baada ya uhuru. Mwaka 2022 alikipoteza, kama wanaume wengi wanavyopoteza vyao, na dunia haikuanguka katika miaka ile mitano.

Lakini aliyetufundisha zaidi hakuwahi kuwa mbunge. Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame mkali ulipoua mifugo na koo zikaanza kuuana, usiku mmoja alijificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza huku risasi zikipita nyumbani. Kulipokucha mama yake akamwambia kuwa mwaka 1966 naye alifanya vivyo hivyo, mtoto akiwa Dekha. Mwanamke mwingine angelia akanyamaza. Yeye na wenzake walianzia sokoni. Wakati ule muuza maziwa wa ukoo mmoja hakumuuzia wa ukoo mwingine, na mwanamke aliyekosea njia kati ya meza aliweza kupigwa. Wakakubaliana kuwa soko litakuwa la wote, wakaweka wanawake wa kila ukoo walisimamie na kupokea mashtaka. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee. Na walipotafuta mzee wa kuongoza mazungumzo, walimwendea wa ukoo mdogo, ambaye hakuna aliyemwogopa. Septemba 1993 wazee wa koo zilizogombana wakatia saini azimio la Al-Fatah, na amani ikarudi polepole.

Sisi husoma kisa hicho kama ripoti ya kihandisi. Walitafuta mahali ambapo nyufa zilianza, hawakuanza na paa. Walitumia vifaa vilivyokuwapo. Waliweka mtu wa kukagua kila siku, jambo ambalo miradi mingi ya serikali hulisahau baada ya uzinduzi. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Julai 2011 alikuwa njiani kwenda mkutano wa amani Garissa ajali ya barabarani ilipotokea. Mumewe na dereva walifariki, naye akafuata siku chache baadaye. Allah awarehemu. Tunapohesabu gharama ya barabara mbaya katika nchi hii, tuwahesabu na watu kama hao.

Turudi mtoni, maana mvua hazitusubiri.

Mafuriko ya Garissa si kama ya Mombasa, ambapo wingu hupasuka alfajiri na Kisauni ikajaa kabla ya adhuhuri. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita katika mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga lililokamilika 1981 hadi Kiambere la 1988, ndipo yakateremka katika tambarare hadi Garissa, kisha Hola na Garsen. Mabwawa yakijaa, maji hupita juu ya njia za ziada na hakuna wa kuyazuia. Lakini kutoka huko hadi Garissa huchukua siku, si saa. Wenye mabwawa hutoa tangazo. Kwa maneno mengine, mto huu hubisha hodi.

Pamoja na hodi hiyo, Novemba 2023 mto ulifurika na barabara kati ya Madogo na Garissa ikakatika. Aprili 2024 ikakatika tena, abiria wakawa wanavushwa kwa mashua, na mwishoni mwa mwezi huo mashua moja ikazama Kona Punda na roho zikapotea. Maelfu ya familia zilikuwa zimehama makwao.

Watu wa mjini huuliza kwa nini wanakaa mabondeni, ilhali hufurika kila baada ya miaka michache. Husema ni ukaidi. Baadhi ya maafisa nao husema hivyo. Tuyarejelee tuliyosema juu ya aqal. Mwanamke yule aliyeitazama ardhi kabla ya kuchimbia kijiti hakuchagua bonde kwa kutojua. Alichagua kwa kuhesabu. Chini kuna maji ya kunywa, kuna shamba la migomba na maembe analoweza kulimwagilia, na mwendo wa mtungi ni mfupi. Juu, kwenye ardhi salama, bomba halifiki, au lafika na halina maji. Mafuriko huja mara moja katika miaka mitatu au minne, na kiu huja kila siku kabla ya adhuhuri. Mwenye akili yoyote angeshuka bondeni. Kumwambia ahame bila kumpandishia maji ni kumwambia abebe mtungi kilomita za ziada kila siku ya maisha yake ili apone siku 20 za mafuriko. Ndiyo maana hupelekwa kambini juu, hupewa hema, na maji yakipungua hurudi alikotoka.

Maana ya hayo kwa mpango wa kaunti ni kwamba kazi ya kwanza dhidi ya mafuriko ni bomba la maji kwenye sehemu ya juu, na eneo lake lichaguliwe na wanawake watakaolitumia, wakitembezwa pale kwa miguu kabla ya mchoro kupigwa mhuri. Tangazo la mabwawa nalo lisomwe kwa Kisomali, Kimunyoyaya, Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, kwa spika za misikitini baada ya sala na katika redio, si kwa taarifa ya Kiingereza inayozunguka katika simu za maafisa. Nguzo zenye alama za kimo cha maji zisimikwe katika kila bulla la mtoni. Kimo kikifika rangi ya njano, wagonjwa na waja wazito wahamishwe. Kikifika rangi nyekundu, asibaki mtu.

Wasomaji wetu wa Garissa, na wale wa Hola na Garsen wanaopokea maji hayohayo baadaye, wanaye mwakilishi wa wadi na wana haki ya kumuuliza mambo mawili: bomba la sehemu ya juu litafika lini, na katika kamati yake akina mama ni wangapi, wanaoshika daftari, si wanaopika chai. Mvua za Deyr huanza Oktoba. Kuchimba mtaro wa kilomita mbili na kulaza bomba hadi ardhi ya juu, mafundi wakiwapo na mabomba yakiwa yamefika, ni kazi ya majuma machache.